Bima ya Gari Lisilotembea

Kwanza zilikuwa kokoto. Zilisagika taratibu, moja baada ya nyingine, kama mtu anayetafuna mahindi ya kuchoma huku akiwaza jambo jingine, na kilichonishtua ni kile ambacho hakikusikika pamoja nazo. Hapakuwa na injini. Katika mtaa wetu wa Nakuru gari lolote lilijitangaza kabla halijafika: lilikohoa, lilipiga honi, lilibadilisha gia kwa kelele pale barabara inapoanza kupanda kuelekea Menengai. Hili lilisogea kimya, na lilikuwa karibu sana na dirisha langu.

Nilikuwa nyumbani kwa likizo, mezani, asubuhi, nikiisahihisha kwa mara ya nne aya moja ya insha ndefu ya stashahada ya ualimu, ambayo nilikuwa naisomea Uganda baada ya kupata shahada yangu ya kwanza. Kalamu ilibaki hewani. Nakumbuka pia, na hili sijawahi kumwambia mtu, kwamba wazo la kwanza lililonijia halikumhusu yeyote aliyekuwa barabarani. Lilihusu barua. Ndipo nikamsikia mwanamke akilia.

Nieleze kuhusu gari, kwa sababu waliolielezea baadaye walilieleza vibaya, na mimi nilikaa kimya nikiwasikiliza.

Lilikuwa pikapu kuukuu aliyoinunua baba kwa mkulima wa Kizungu wa upande wa Gilgil. Baba aliitumia kuteremsha viazi na kabichi kutoka Dundori hadi kwenye meza yake sokoni. Katika miaka ile ya mwisho wa hamsini, Waafrika wenye gari katika mtaa wetu walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, kwa hiyo pikapu ilikuwa ya baba kwa hati tu. Kwa mazungumzo ilikuwa ya mtaa mzima. Giaboksi ilipokufa, wanaume waliisukuma mpaka mbele ya nyumba yetu na kuiacha kando ya mtaro, pua ikielekea chini, upande wa ziwa. Fundi aliing'oa giaboksi na kuipeleka kwa Mhindi muuza vipuri, na Mhindi akasema gia mpya zitatoka Nairobi, labda Mombasa, baada ya wiki mbili, labda sita. Gari lisilo na giaboksi haliwezi kuachwa ndani ya gia. Lilizuiwa na vitu viwili tu: breki ya mkono, ambayo waya wake ulikuwa umechoka, na mawe mawili mbele ya magurudumu ya mbele.

Mawe hayo kila alfajiri yaliazimwa.

Aliyeyaazima ni mama mmoja mjane aliyeuza uji wa wimbi kwa vibarua wa reli. Alikuwa na jiwe moja lake mwenyewe, na jiko la mawe linataka matatu. Alipoona upepo wa Nakuru, ule unaobeba vumbi jeupe na kulimwaga ndani ya kila sufuria, umezibwa na pikapu yetu, alihamishia biashara yake pale, chini kidogo ya bampa, akawa anavuta mawe yetu mawili kwenye jiko lake na kuyarudisha jioni yakiwa bado na joto. Wote tulijua. Baba alimtania kila asubuhi akipita kwenda sokoni.

"Mama, ukilipika gari langu utaniuzia na supu yake?"

"Gari lako halina nyama, mzee. Limebaki mifupa."

Walicheka, na mimi dirishani nilicheka pia. Nikiyakumbuka mawe yale leo mimi hupandwa na hasira, na sijui nimkasirikie nani kati ya wale watatu waliocheka.

Sasa bima. Nilikuwa nimeisoma hati ya bima ya baba kutoka juu hadi chini, pamoja na yale maandishi madogo ya nyuma, kwa sababu mimi husoma kila kitu. Kanuni yenyewe haikuwa ngumu. Gari likiwa kwenye barabara ya umma lazima liwe na bima ya kumlinda mtu wa nje atakayeumizwa nalo, liwe linakwenda au limelala. Mwenye gari bovu anayetaka kuisimamisha bima mpaka gari litengenezwe anaruhusiwa, kwa sharti moja: aliondoe barabarani, aliweke ndani ya kiwanja cha mtu, kisha amwandikie wakala kwamba ameliondoa. Siku zisizotumika huongezwa mbele. Asitokee mtu akasema sikuielewa kanuni hiyo. Niliielewa kuliko wakala mwenyewe.

Baba alikuwa akilalamika kila jioni kwamba bima inaliwa na gari lisilotembea, siku baada ya siku, kama panya anavyokula gunia. Nikaamua kumtua mzigo huo bila kumwambia, nimshangaze. Nilizungumza na mchungaji wetu, akakubali pikapu ikae nyuma ya kanisa. Nilizungumza na wanaume wa kwaya, wakakubali kuisukuma Jumamosi. Na Alhamisi iliyotangulia nikaandika barua kwa wakala, kwa jina la baba, na kutia sahihi ya baba.

Hapa lazima niwe mwangalifu, maana msomaji wa leo anaweza kudhani niliiba. Katika kila nyumba ya wakati ule iliyokuwa na mtoto mmoja aliyesoma, mtoto huyo ndiye aliyekuwa mkono wa nyumba. Niliandika barua zote za baba tangu nikiwa darasa la nne: za shuleni, za ofisi ya Bwana Shauri, afisa Mzungu wa wilaya, kuomba vibali, za pole kwa jamaa waliofiwa. Hata sahihi yake niliibuni mimi, nikiwa na miaka kumi na mmoja, yenye mkia mrefu chini ya herufi ya mwisho kwa sababu nilidhani watu wakubwa huweka mkia. Yeye mwenyewe hakuwahi kuitia. Alikuwa na jina, na mimi nilikuwa na namna ya kuliandika, na hakuna aliyewahi kuuliza mpaka wa mambo hayo mawili uko wapi.

Katika barua niliandika kwamba gari limekwisha kuondolewa barabarani. Lilikuwa bado lipo, nililiona nikiandika. Lakini barua ingefika Jumatatu, na Jumatatu maneno hayo yangekuwa kweli. Sikuona kama nasema uongo. Niliona nawahi tu.

Ijumaa jioni baba alirudi kutoka Dundori kwa lori la watu, na magunia matano ya mbegu za viazi. Shangazi yangu alikuwa na kishamba kule, juu ya shamba la Mzungu aliyemwajiri, na kila msimu baba alimwandalia mbegu. Mbegu za viazi hazipandwi zikiwa kavu. Hutandazwa mahali penye kivuli, baridi na mwanga hafifu, macho yakiangalia juu, mpaka kila jicho litoe chipukizi fupi, nene, la rangi ya zambarau. Kazi hiyo inataka wiki tatu na inataka utulivu, maana chipukizi likivunjika, kiazi hicho kimerudi nyuma msimu mzima. Baba alikuwa ametafuta mahali hapo kwa siku nyingi. Alipoitazama pikapu yake mbovu, yenye turubai, isiyokwenda popote, alipapata. Kabla sijamaliza kupika chakula cha jioni alikuwa amezitandaza mbegu zote ndani yake, safu kwa safu, juu ya majani makavu.

Jumamosi wanakwaya walikuja, wanaume sita, mikono ya mashati imekunjwa. Baba alisimama mbele ya pikapu kama mtu anayemzuia ng'ombe.

"Mnakwenda wapi na gari langu?"

"Kulisukuma mpaka kanisani, mzee. Mwalimu ametuita." Mtaani walikwisha kuniita Mwalimu ingawa nilikuwa sijahitimu.

"Na watoto wangu waliolala ndani?"

Mmoja akafunua turubai, akaangua kicheko. "Jamani, ni viazi! Mzee analea viazi!"

"Ndiyo, nalea. Barabara hii ina mashimo mangapi mpaka kanisani? Mkivuka la tatu hakuna jicho litakalobaki. Gari litasukumwa wakishachipua." Akanigeukia, kwa upole. "Mama, kulikuwa na haraka gani?"

Baba aliniita Mama kwa sababu nilibeba jina la mama yake, kama ilivyo desturi kwetu, na kila aliponiita hivyo sauti yake ilikuwa na heshima ambayo sikuistahili. Pale pale nilitakiwa kusema: baba, nimeandika barua, gari hili halina bima kuanzia Jumatatu. Maneno ni machache. Nimeyapanga mara nyingi tangu wakati ule, katika kila mpangilio unaowezekana. Lakini wanakwaya sita walikuwa wakinitazama, na nilikuwa nimesoma kuliko wote waliosimama pale, na nisingeweza kukubali mbele yao kwamba nimeyaona yote isipokuwa viazi.

"Hapana haraka," nikasema.

Walikunywa chai, wakaenda zao. Nilijiambia: wiki tatu tu. Nilijiambia: gari lisilo na giaboksi halimgongi mtu. Ningeweza kuandika barua ya pili kuifuta ya kwanza. Niliianza mara tatu, na mara zote tatu nilikwama kwenye sentensi ya kueleza kwa nini jambo nililolisema kuwa limetendeka halikutendeka. Nilitaka sentensi isiyonitia aibu. Wiki mbili zilipita nikiitafuta sentensi hiyo.

Siku ya kumi na saba baada ya barua, baba alipanda nyuma ya pikapu asubuhi kuzikagua mbegu. Mama wa uji alikuwa ameketi mahali pake, mguu mmoja ameunyoosha, mawe yote matatu chini ya sufuria. Baba alipiga hatua kutoka upande huu kwenda upande wa pili. Waya wa breki ukakatika. Sikusikia ukikatika, nilisikia kokoto.

Gari halikwenda mbali. Lilishuka kama hatua tatu, likaipindua sufuria, likapanda jiwe la kwanza la jiko na kusimama. Mawe yalifanya kazi yake hatimaye, ila mguu wa mama yule ulikuwa kati yake na gurudumu. Wanaume walilinyanyua gari kwa mabega. Uji ulikuwa umetapakaa kwenye vumbi, na yeye, midomo imekuwa myeupe, alikuwa akimwuliza baba kama mbegu zimevunjika. Walimpeleka hospitali kwa mkokoteni. Mfupa ulivunjika mahali pawili chini ya goti.

Sajini wa trafiki alifika kabla ya saa sita. Alipima kwa hatua, akaandika, akakitazama cheti cha bima kiooni. Tarehe iliyoandikwa ilikuwa bado mbele. Baba akakigonga kwa kidole, kwa fahari ya mtu aliyetimiza wajibu wake.

"Bima ipo, afande. Huyu mama atalipiwa mguu wake. Ndiyo kazi ya bima, sivyo?"

"Ndiyo kazi yake, mzee," sajini alisema.

Nilisimama mlangoni. Niligeuka, nikarudi ndani.

Siku nne baadaye sajini alirudi na karatasi. Nilikuwa nimewaandalia chai, na niliitambua barua yangu kabla hajaikunjua, kwa mkia ule wa sahihi unaoonekana kwa nyuma ya karatasi nyembamba. Aliiweka juu ya meza, mbele ya baba.

"Mzee, wakala anasema bima hii ulisimamisha mwenyewe. Uliandika kwamba gari umeondoa barabarani. Na gari tulikuta barabarani. Hiyo ni makosa mawili: gari bila bima, na kudanganya."

Baba hakujua Kiingereza. Lakini aliujua mwandiko wangu. Aliitazama karatasi kwa muda mrefu kuliko anavyohitaji mtu asiyeweza kuisoma, na hakuinua macho kunitafuta, hata mara moja. Alikwepa kunitazama kwa makusudi, na nilimwona akikwepa.

"Ni yangu," akasema.

"Uliandika wewe?" Sajini alicheka, si kwa ubaya. "Mzee, Kizungu hiki? Hapa chini unasema wewe ni mtumishi wao mtiifu mwenye heshima kubwa. Hata Inspekta wetu hana Kizungu cha namna hii."

"Kuna watu wanaandikia watu barua pale nje ya posta. Nilimwambia, akaandika."

"Yupi?"

"Hao wanabadilika."

"Na sahihi?"

"Sahihi ni yangu. Si ina jina langu?"

Sajini alinitazama mimi, na sinia, na vikombe. Alikuwa mtu mwenye akili. Alingoja kidogo, akinipa nafasi, na nafasi hiyo niliitumia kujaza chai kwenye kikombe chake mpaka ikamwagika kwenye kisahani.

Hasira yangu ilianza pale, na nataka kuieleza sawasawa kwa sababu watu hudhani ilikuwa huzuni. Nilimkasirikia baba kwa kuchukua kisicho chake bila kuniuliza, kama mtu anayekunyang'anya mzigo kwa nguvu mbele ya watu. Nilimkasirikia wakala, ambaye alipokea barua inayosema gari halipo barabarani na hakutembea dakika kumi kuja kuangalia. Niliikasirikia kanuni, kwa sababu ilikuwa ya haki: nilitafuta tundu ndani yake usiku na mchana na sikuliona. Gari lililolala lilikuwa limemvunja mtu mguu, sawa na linalokimbia. Wenye kuitunga walikuwa wamemfikiria mama wa uji, wakati mimi, niliyepita mbele yake kila siku, sikumfikiria.

Nilikwenda kwa wakala. Alikuwa kijana mwenye miwani, nyuma ya kaunta safi, na nilimweleza hoja yangu kwa utaratibu, moja baada ya nyingine, kwamba gari bila giaboksi kwa hakika si gari bali ni kasha la chuma. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Dada, limemponda mtu?"

"Ndiyo."

"Likiwa barabarani?"

"Ndiyo."

"Basi ni gari." Akavua miwani, akaifuta. "Tatizo letu ni hii barua. Bima ilisimamishwa na mwenyewe, kwa ombi lake. Kama barua isingekuwa ya mwenyewe, kama angekuwa ameandika mtu mwingine bila ruhusa yake, hilo lingekuwa jambo lingine kabisa. Bima ingekuwa haijasimama. Yule mama angekuwa na mahali pa kushika. Lakini mzee ameshasema ni yake. Keshakubali mbele ya polisi."

Nilishika ukingo wa kaunta. Ninaamini hakujua alichoniambia. Alikuwa akieleza tu, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda stesheni. Lakini nilitoka mle nikijua jambo ambalo baba hakulijua: kwamba kila mara aliposema "ni yangu," alikuwa akiufunga mlango ambao mama yule angeweza kuupitia. Alidhani ananikinga mimi peke yangu. Hakujua anamzuia nani.

Kutoka pale nilikwenda hospitali. Mama wa uji alikuwa amelala na mguu juu, ndani ya plasta, na alinikaribisha kana kwamba nimemkuta kwake.

"Mwalimu, karibu. Kaa kwa kitanda, usiogope, hawa manesi hawagombi. Baba hajambo? Mbegu je?"

"Nyingi hazikuvunjika."

"Mungu ni mkubwa. Sikia, yule askari amekuja hapa nikamwambia ukweli. Nimemwambia mawe nimetoa mimi. Mzee asisumbuliwe. Mimi ndiyo nilitoa mawe, gari likanifuata, nani wa kulaumiwa?"

"Ulimwambia hivyo?"

"Na nikamwambia aandike. Akaandika." Alicheka, kisha akashika paja kwa maumivu. "Huu mguu wenyewe haukuwa unanipeleka mahali. Kutoka nyumbani kwa jiko, kutoka jiko kwa nyumbani."

Nilimkasirikia na yeye. Sina haya kusema hivyo sasa. Watu wawili wasiojua kusoma barua ile walikuwa wakigombania kosa lililomo ndani yake, kila mmoja akilivutia kwake kama wageni wanaogombania kulipa chai, na aliyeiandika alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda na chungwa mkononi.

Kesi ya baba ilipangwa Alhamisi. Gari moshi langu la kurudi Uganda lilikuwa Jumatano jioni. Tiketi ilikuwa imenunuliwa tangu mwanzo wa likizo. Shule moja ya wasichana ilikuwa imekwisha kuniahidi kazi nikihitimu. Na nilijua, kwa kuwa nilikuwa nimesoma na masharti hayo pia, kwamba mtu aliyepatikana na hatia ya kughushi hawezi kuandikishwa kuwa mwalimu. Jumanne jioni nilimwambia baba ninayoyajua. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, akichambua mbegu zilizonusurika, ile yenye chipukizi zima huku, iliyovunjika kule.

"Baba, ile barua si yako."

"Ina jina langu."

"Hukujua lolote. Ukisema hukujua, bima inabaki hai, na mama yule anatibiwa na kulipwa. Wakala amesema."

"Na nikisema sikujua, wataniuliza nani alijua." Aligeuza kiazi kwenye mwanga wa taa. "Mama, panda gari moshi. Mimi wakinifunga, mbegu zitapandwa na shangazi yako. Nikitoka nitakula viazi. Wewe wakikufunga, hiyo miaka yote uliyosoma nitaila vipi?"

"Na mguu wake?"

Huo ndio mguu ambao hakuwa ameuweka katika hesabu yake, na nilimwona akiuona kwa mara ya kwanza. Kisha akafanya jambo lililonikasirisha kuliko yote: akatabasamu, akasema, "Nitamwuguza mwenyewe. Nitauza pikapu."

"Pikapu haina giaboksi!" Nilipiga kelele. Sikuwahi kumpigia baba kelele, na nadhani majirani walisikia. "Ina waya wa breki uliokatika na uji umekaukia kwenye bampa! Nani atainunua? Unataka kumpa mama yule mifupa?"

Aliendelea kuchambua. Kiazi kimoja kilikuwa na chipukizi limevunjika nusu. Alikishika muda mrefu, hakujua akiweke upande gani, mwisho akakiweka katikati.

Jumatano asubuhi nilibeba sanduku langu mpaka mjini, ili asijue, ili adhani nimekubali. Alinisindikiza hadi kwenye mtaro na kusimama kando ya pikapu. Walikuwa wameirudisha mahali pake, na sasa ilikuwa na mawe manne makubwa ambayo hakuna mtu angeweza kuyaazima. Aliniaga kwa mkono, kwa namna ya wazee, mkono wa kushoto ukishika kiwiko cha kulia, kama anavyomuaga mtu anayemheshimu. Nilitembea nikiwa na hasira kiasi kwamba sikuhisi uzito wa sanduku.

Duka la Mhindi wa vipuri lilikuwa na simu, na wateja waliruhusiwa kuitumia.

"Ah, binti ya mzee!" alisema aliponiona. "Mwambie baba gia zake zimefika jana. Bure nimesema wiki sita, zimefika."

"Nitamwambia. Naomba simu."

Alitazama sanduku langu, akaisogeza simu kwenye kaunta, akaenda nyuma kwenye rafu, akaanza kuhesabu nati za boliti kwa sauti, kwa adabu, ili nisidhani ananisikiliza. Nilikuwa nimeandaa maneno yangu kwenye karatasi. Nilikuwa na rasimu mbili: moja iliyoanza na kanuni ya bima na kufika kwenye kosa langu katika aya ya tatu, nyingine iliyoanza na desturi ya nyumba zetu ya kuandikiana barua. Zote mbili zilikuwa nzuri. Zote mbili zilikuwa zinatafuta ile sentensi isiyonitia aibu. Nilizikunja, nikazitia ndani ya mfuko wa koti, nikainua mkono wa simu na kumwomba mwunganishaji anipe kituo cha polisi, upande wa trafiki.

Sajini alipokea mwenyewe. Nilimweleza mimi ni nani.

"Mwalimu," akasema. "Nilidhani leo unasafiri."

"Barua ya bima niliiandika mimi. Na sahihi niliitia mimi. Baba hakujua. Alijua siku ile ulipomwonyesha."

Kulikuwa na mlio wa waya, kama upepo kwenye majani ya ngano, kisha nikamsikia akivuta kiti.

"Unajua hilo ni neno gani unaniambia? Kwa simu? Unaweza kwenda stesheni sasa hivi, na mimi nikasema laini ilikatika. Laini zinakatika kila siku."

"Haijakatika."

"Na mzee ataniambia wewe ni mwongo. Ataniambia unamkinga."

"Atasema hivyo. Mpe karatasi na kalamu, mbele ya Inspekta, umwambie atie sahihi yake. Hajui ilivyo. Haijui mkia."

Nyuma ya duka Mhindi alikuwa ameacha kuhesabu.

"Umefikiri vizuri, Mwalimu?" sajini akauliza.

Nilikuwa nimefikiri tangu siku ya kokoto. Nilikuwa nimefikiri kuliko mtu yeyote katika Bonde la Ufa, na kufikiri kwangu kulikuwa kumevunja mfupa mahali pawili.

"Chukua kalamu," nikamwambia. "Andika."